Rubani Hakuweka Nyutro

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi, Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu
Jina: Masunga s/o Kashindye
Umri: Miaka 46
Kabila: Msukuma
Elimu: Darasa la sita. La saba anasema alilisoma barabarani
Kazi: Dalali wa ng'ombe, mnada wa Bariadi na minada mingine
Makazi: Somanda, Bariadi mjini
Tarehe ya kuandikwa: 12/06/2024, saa 8:15 mchana

Mimi ambaye jina langu liko hapo juu naeleza mbele ya Koplo Jenifer nikiwa na akili timamu na nguo za kuazima. Sikuitwa. Nimekuja mwenyewe kwa bodaboda kwa sababu nimesikia rubani wetu, Anyesi Salvatory, amelala mahabusu ya kituo hiki, na kilichomlaza humo ni maneno yangu. Nimeambiwa anatuhumiwa kuzima injini ya ndege angani kwa makusudi ili abane mafuta, akahatarisha maisha ya abiria watatu. Mmoja wa abiria hao watatu ni mimi, na mtu aliyetangaza kwamba injini ilizimwa kwa makusudi ni mimi pia. Nataka kueleza upya. Afande ameniambia nianze mwanzo, nisiruke, na nipunguze utani. Nitajitahidi kwa hayo mawili ya kwanza.

Mnamo tarehe 11/06/2024, siku ya Jumanne, asubuhi, nilikuwa Mwanza kumrudisha nyumbani mama mkwe wangu, mkazi wa Lingeka, wilaya ya Meatu. Jina lake sitalitaja kwa sababu kwetu mkwe hatajwi jina. Afande analo kwenye karatasi nyingine. Mama alikuwa amepasuliwa mtoto wa jicho. Jicho la pili lilishakufa zamani, kwa hiyo hilo moja likifungwa bandeji anakuwa haoni kitu. Wa kumfuata alikuwa mke wangu, lakini mke wangu amejifungua wiki iliyopita, mtoto wa kiume, kilo nne, kafanana na mimi kila kitu. Ndipo nikaenda mimi.

Hapo naomba ieleweke vizuri maana ndipo mambo yote yalipoanzia. Kwetu Wasukuma mkwe wa kiume hamshiki mkono mama mkwe wake, hali naye sahani moja, hakai naye kiti kwa kiti. Ni heshima. Kwa hiyo safari nzima nesi wa shirika la macho, anaitwa Mektilda, ndiye aliyemshika mkono mama, na mimi nilitembea mbele nimebeba begi kama askari wa msafara. Nikitaka kumwambia mama jambo namwambia nesi, mama anasikia. Akitaka kunijibu anamjibu nesi, nami nasikia.

Shirika ndilo lililotupa ndege. Ni ndege ndogo ya viti sita, mabawa yako juu ya paa, ina panga moja puani. Viti vya nyuma vilikuwa na maboksi ya dawa. Vilibaki viwili vya katikati na kimoja mbele, ubavuni kwa rubani. Nesi aliniambia nikae katikati na mgonjwa wangu, yeye akae mbele. Nikamwambia haiwezekani. Nesi ni mtu wa Bukoba, hakuelewa, akadhani naiogopa ndege. Rubani ndiye aliyeamua. Alisema, "Baba, njoo mbele hapa, mwache mama apumzike." Hivyo ndivyo nilivyokaa mahali ambapo mikono ya rubani niliiona yote miwili. Isingekuwa ukwe ningekuwa nyuma, karibu na maboksi, na leo nisingekuwa na cha kueleza.

Rubani ni mwanamke, namkadiria miaka thelathini na kitu, mwembamba, ana miwani. Aliniuliza kama nimewahi kupanda ndege. Nilimjibu kwamba nimepanda mpaka zimenichosha. Alipoanza kunionyesha mkanda, mlango na jaketi la njano lililo chini ya kiti nikamwambia somo hilo aliruke. Hakuliruka. Alilirudia lote, tena akaniambia nifungue mlango na kuufunga mara mbili mbele yake, kama mtoto anayefundishwa choo.

Tuliruka saa 4:20 asubuhi. Ilikuwa tupite Lamadi kushusha maboksi na kumchukua mgonjwa mwingine, halafu Meatu, kwa hiyo tulikwenda juu ya ghuba, ziwa likiwa chini yetu na ufuko upande wangu wa kulia. Rubani alinipa vile vitu vya kuvaa masikioni vya kusemezana. Nilivivua. Ukivaa vile unasikika na rubani peke yake, na mimi nilikuwa natafuta kusikika nyuma. Nikawa nazungumza na nesi kwa sauti ya mnadani ili na mama apate chake. Nilieleza habari za ndege za Dar es Salaam, jinsi wanavyotuletea chai, jinsi ng'ombe wa Kanda ya Ziwa ninavyowauza Pugu asubuhi na jioni niko nyumbani. Nesi alikuwa anaitikia kwa kichwa. Mama alikuwa kimya, lakini kimya cha mama mkwe ni kimya cha kusikiliza.

Nilikuwa na michembe kwenye mfuko, viazi vile vilivyokaushwa, mke wangu huwa hanifungashii safari bila hiyo. Nikampa rubani kipande. Alikipokea kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukiwa kwenye usukani, akakiuma.

Ikatokea hivi. Injini ilikohoa mara moja, ikavuta pumzi, ikakohoa tena, halafu ikanyamaza. Nilijua imenyamaza kwa sababu nilikuwa katikati ya neno na nikasikia sauti yangu mwenyewe inapiga kelele peke yake. Kulibaki upepo tu. Lile panga la mbele, ambalo lilikuwa halionekani kwa kasi, likaanza kuonekana, linazunguka kivivu kama feni ya hotelini umeme ukikatika.

Afande ameniuliza nilifikiri nini. Nilifikiri ameweka nyutro.

Naomba nifafanue kwa wakubwa watakaosoma, ambao labda hawajapanda roli. Mimi nimeshuka mlima Sekenke na ng'ombe mgongoni mwa Fuso mara ambazo sina idadi. Dereva akifika juu anatoa gia, anaweka nyutro, gari linateremka lenyewe kwa uzito wake, injini inanyamaza, unasikia upepo na kwato. Wengine wanazima kabisa. Ni hatari na ni kosa, trafiki wanakataza, lakini kila dereva wa ng'ombe anafanya, maana mafuta yanayobaki ni ya kwake. Kwa hiyo injini iliponyamaza na pua ikainama kidogo kuelekea chini, mimi nikaona tumefika Sekenke ya angani. Tena nikafurahi. Nilisema moyoni, kumbe huyu dada ni dereva kweli.

Nesi Mektilda aliuliza kwa sauti ndogo kuna nini. Nikamgeukia nikamwambia asihofu, mimi naijua michezo hii, rubani ameweka nyutro, tunateremka, ndege zote hufanya hivyo zikikaribia. Mama mkwe alimwambia nesi kwamba ni vizuri, vitu siku hizi vimepanda bei.

Rubani alinitazama. Alikuwa bado anatafuna. Alimaliza kutafuna, akameza, kipande kilichobaki akakiweka pajani. Akaniambia taratibu, bila kugeuka nyuma, "Endelea kuwaambia hivyo hivyo."

Afande, neno hilo liandikwe kama lilivyo kwa sababu ndilo lililonipoteza. Mimi nililipokea kama jibu. Nilimwambia ni nyutro, yeye akasema endelea kuwaambia hivyo hivyo. Mtu gani asingeelewa kwamba ni nyutro?

Ndipo mikono yake ikaanza kazi. Aligeuza kitu fulani sakafuni katikati yetu. Akasukuma, akabonyeza, akageuza funguo. Panga likatikisika kidogo, likakataa. Akarudia mara ya pili yote kwa mpangilio ule ule, kama mama anayeweka vyombo kabatini. Halafu akazungumza na redio kwa Kiingereza. Mimi Kiingereza changu ni cha mnadani, lakini nilisikia Nassa, yaani ule ufuko wa kulia, na nikasikia nne, nikajua nne ni sisi. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeagiza chai isiyo na sukari. Nilikuwa nimeanza kuchanganyikiwa. Sikumbuki dereva wa Fuso kumpigia mtu simu kwamba ameweka nyutro.

Ziwa lilikuwa linakua. Nilimwonyesha rubani ufuko. Upande wa Nassa palikuwa na mahali peupe, tambarare, ng'ombe wakinywa maji, wazuri sana, niliwapenda hata kwa wakati ule. Nikamwambia kama anatafuta pa kuegesha apeleke pale. Tulisemezana maneno haya, na haya nayakumbuka kuliko jina langu.

Alisema, "Pana ng'ombe na watoto."

Nikasema, "Ng'ombe watakimbia."

Akasema, "Watoto hawatakimbia. Watasimama kutushangaa."

Kisha akageuza usukani, akauacha ule ufuko, akatupeleka majini. Hapo ndipo nilipojua si nyutro. Lakini nilijua kwa tumbo, kichwa kilikuwa bado kinabisha. Mtu mzima mwenye akili anaachaje nchi kavu anakwenda majini? Nikageuka nyuma nikawaambia tena kwamba ni nyutro. Sijui nilikuwa namwambia nani.

Rubani alivua miwani akaiweka mfukoni mwa shati. Alituambia tuvae majaketi, tufunge, tusivute kamba ya kujaza upepo mpaka tuwe nje. Nesi alimvalisha mama. Mimi nilivaa nikaivuta papo hapo. Likajaa, likanibana shingoni mpaka nikawa natazama dari. Rubani alinyoosha mkono, akalitoa upepo kwa kimrija fulani, likanywea. Akaniambia nivue kiatu, nifungue mlango kidogo, nikibane kiatu katikati usijifunge. Nikamwuliza nani hufungua mlango chombo kikiwa kwenye mwendo. Akasema, "Mlango ukikunjika, hautafunguka." Nilivua kiatu cha kulia. Vilikuwa viatu vya ngozi, vya ncha, vya kwendea ukweni.

Dakika ya mwisho kabla ya maji, nilimwona kwa macho yangu anavuta kwake kile kivuta chekundu kilichoko katikati ya dashibodi. Alikivuta chote mpaka mwisho. Kwenye malori ya zamani ipo kamba ya namna hiyo, ukiivuta injini inazima. Hili nalo naomba liwekewe alama, nitalirudia.

Tuligusa maji kwa mkia. Sitaweza kueleza vizuri kilichofuata kwa sababu kila nikikipanga kinapangika tofauti. Palikuwa na mshindo kama jengo limeanguka, halafu wa pili mkubwa zaidi. Kioo kikawa cheupe. Maji yakaja miguuni, yakaja kifuani, boksi la dawa likapita mbele ya uso wangu likielea. Nilidhani tumepinduka, kumbe tuko sawa. Nilidhani nimekufa, nikasikia mama mkwe anamwuliza nesi mbona uwanja umemwagiwa maji mengi hivi. Nikajua sijafa, maana aliyekufa hawezi kumsikia mkwewe.

Mlango wangu ulifunguka. Kiatu kilikuwa palepale. Rubani aliniambia nitoke, nishike bawa, nimpokee mama. Nesi alikuwa anamsukuma kutoka nyuma. Nilipomwona mama anakuja, bandeji imelowa, mikono imenyooshwa mbele inapapasa hewa, nilirudi nyuma. Naapa sikuogopa maji. Miguu yenyewe ilirudi. Nilimwambia rubani, "Huyu ni mkwe wangu."

Rubani alisema, "Mkwe anazama kama watu wengine. Mshike."

Nikamshika. Nilimkumbatia kiunoni kwa mkono mmoja na mkono mwingine nikashika chuma cha bawa. Mama alifahamu ni mimi. Alinishika shingo kwa mikono yote miwili kama mtoto, akauficha uso begani kwangu. Ni mwepesi. Hicho sikukitegemea. Miaka yote namwogopa mtu mwepesi vile.

Rubani alitoka wa mwisho. Aliuliza jina la kila mmoja na kila mmoja akaitika. Ndege ilikuwa inainama pua chini polepole. Mitumbwi ya wavuvi ilikuwa karibu lakini ilikuwa inakimbia, inakwenda mbali na sisi. Baadaye mwenye mtumbwi mmoja, Maganga, alinieleza kwamba walidhani ni doria ya uvuvi imekuja na mbinu mpya, na nyavu walizokuwa nazo hazikuwa za kuonyeshwa mtu. Afande amesema hilo si la jalada hili. Maganga ndiye aliyegeuka kwanza, aliposikia sauti ya mwanamke mzee. Alitupakia wote wanne. Tulikuwa hatujafika ufukweni nilipogeuka nikaona mkia tu, halafu hata mkia haukuwepo.

Ufukweni palikuwa na watu wengi, wauza dagaa, wachunga ng'ombe, na wale watoto wenyewe. Walikuwa wamesimama wanashangaa, kama alivyosema. Waliniuliza kimetokea nini. Na mimi afande ndiyo kazi yangu, nikiona watu wamezunguka mdomo unafunguka wenyewe. Nilipanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nina kiatu kimoja, nikawatangazia. Nilisema huyu dada mnayemwona hapa ni dereva asiye na mfano nchi hii. Nilisema kazima injini mwenyewe huko juu, kaweka nyutro kubana mafuta, nimemwona kwa macho yangu anavuta swichi, na bado katuteremsha kama yai. Nilisema mimi nimepanda ndege za kila aina na sijaona fundi kama yule. Watu walipiga vigelegele. Dada mmoja mwenye beseni la dagaa alikuwa ananirekodi kwa simu, nikageukia kwake ili nionekane vizuri.

Nilikuwa namsifu. Mungu ni shahidi na yule dada pia. Sikujua kwamba sifa ya dereva wa roli ni kosa la jinai kwa rubani.

Wakati nazungumza nilimwona rubani amekwenda nyuma ya mitumbwi peke yake. Aliinama akatapika. Halafu akakaa mchangani akiishika mikono yake, mmoja juu ya mwingine. Mama mmoja alimpa kikombe cha uji, kikamwagika. Hapo ilinipasa nishuke nikamshikie kikombe. Sikushuka, nilikuwa nimefika mahali pazuri pa hadithi.

Polisi walifika mchana ule ule, wakati video imeshawatangulia. Askari aliniuliza kama ninayosema ni kweli na kama mimi ni mzoefu wa ndege. Nikasema ni kweli na mimi ni mzoefu. Aliandika hapo hapo. Wakamchukua rubani. Alipopita karibu yangu nilidhani wanampeleka kumpa zawadi, nikampungia mkono. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipoweka kitu. Hakunitukana. Hata usiku wa jana najua hakunitukana, maana mimi ningeota.

Leo asubuhi, kwa Maganga tulikolala, nesi Mektilda ndiye aliyenieleza. Aliniambia injini ikizimika yenyewe ni ajali na rubani ni shujaa. Ikizimwa kwa makusudi rubani ni mhalifu, hatarusha ndege tena maisha yake. Kilichopo katikati ya hayo mawili ni mdomo wangu. Yeye nesi alikuwa nyuma ya kiti, hakuona mkono wowote. Mama mkwe haoni. Ndege iko chini ya maji na wakaguzi wanasema kuitoa ni kazi. Nimebaki mimi.

Sasa narudi kwenye lile la alama. Afande ameniuliza swali moja, tena ameniuliza mara tatu kwa namna tatu. Mkono wa rubani ulikwenda kwenye kivuta chekundu kabla ya kimya au baada ya kimya?

Nimekaa hapa nimefumba macho. Kwa kweli kilichonijia kwanza ni mkono, halafu kimya. Ndivyo nilivyosimulia jana ufukweni, ndivyo nilivyosimulia kwenye mtumbwi, kwa Maganga, kwa mke wangu kwenye simu, kwa dereva wa bodaboda leo. Nimesimulia mara nyingi mpaka macho yangu yamefuata mdomo. Naona mkono unavuta, naona injini inazimika, naona wazi kama nimeangalia video. Nilimwambia afande hivyo. Akaweka kalamu chini, akaniuliza mkono gani. Nikasema wa kulia, maana wa kushoto haukuacha usukani hata mara moja. Akaniuliza huo wa kulia ulikuwa umeshika nini injini iliponyamaza.

Ulikuwa umeshika kiazi changu.

Nilifumbua macho. Mkono wa kulia ulikuwa na mchembe niliompa mimi, mdomo wake ulikuwa unauma, na injini ikanyamaza. Alitafuna katika kimya. Alimeza katika kimya. Aliweka kipande pajani ndipo mkono ukawa mtupu. Hana mkono wa tatu. Na kile chekundu alikivuta mwisho kabisa, wakati maji yako karibu kiasi cha kuona samaki, injini ikiwa imeshakufa zamani na yeye ameshajaribu kuifufua mara mbili. Kwa nini alikivuta sijui. Nesi anadhani ni kuzuia moto. Ninachojua ni kwamba huwezi kuua kilichokwisha kufa.

Kwa hiyo nasema injini ilizimika yenyewe. Rubani hakuizima. Hakuweka nyutro, na nimeambiwa leo kwamba ndege haina nyutro. Neno la nyutro ni langu, nimelitoa Sekenke. Aliposema niendelee kuwaambia hivyo hivyo alitaka watu wa nyuma wasishikwe na hofu, na kweli hawakushikwa. Uongo wangu ulimfaa kwa zile dakika chache. Haukupaswa kushuka naye ufukweni.

Afande ameniuliza jambo la mwisho. Anasema maelezo yangu ya jana yameandikwa kwamba ni ya mtu mzoefu wa ndege, na mtu mzoefu hawezi kukosea jambo kama hili, kwa hiyo mkubwa wake atauliza aamini ya jana au ya leo. Ameniuliza kabla ya Jumanne nimepanda ndege ngapi.

Nilimwomba afande afunge dirisha. Amesema limevunjika komeo, halifungi. Nje ya dirisha hilo kuna benchi, na kwenye benchi hiyo wamekaa nesi Mektilda na mama mkwe wangu, wanasubiri zamu yao.

Jibu langu ni kwamba sijawahi. Ile ya Jumanne ilikuwa ya kwanza. Dar es Salaam huwa naenda juu ya Fuso na ng'ombe, siku mbili na zaidi, nalala kwenye nyasi zao. Chai ya kwenye ndege niliisikia kwa mwanasiasa mmoja mnadani. Mkanda ule rubani alinifunga yeye, mimi nilikuwa nautafuta mahali pa kuuchomeka begani. Ninayoyajua kuhusu ndege yote nimeyajua kwa mwanamke huyo mliyemfungia humo, kwa muda wa safari moja ambayo haikufika. Kwa hiyo msiniamini kama mzoefu. Niaminini kama mtu aliyekuwa amekaa pale na mfuko wa michembe.

Sina la kuongeza. Niliyoyasema jana niliyasema kwa watu, haya ya leo nimeyasema kwa afande, na kama yatagongana, ya leo ndiyo yangu.

Sahihi ya shahidi: M. Kashindye

MAELEZO YA MWANDISHI

Mimi Koplo Jenifer nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, bila kumlazimisha wala kumwahidi kitu. Yapo maneno niliyomshauri ayaondoe, akakataa.

Baada ya kumaliza nilimsomea. Nilipokaribia aya inayohusu kutowahi kupanda ndege aliomba niisome kwa sauti ya chini. Nilimweleza kwamba maelezo husomwa yote kwa sauti moja. Alifikiri kidogo, akasema basi nisome kwa nguvu, mama asije akasikia nusu. Nilisoma kwa nguvu. Nje ya dirisha mwanamke mtu mzima alicheka kwa muda mrefu, kisha akamwambia nesi amwambie mkwe wake kwamba Lingeka nzima inajua, ila walikuwa wanapenda anavyosimulia. Shahidi alisikia. Alitia sahihi.

Jalada limepelekwa kwa mkuu wa kituo saa 10:05 jioni pamoja na maelezo ya nesi na ya abiria wa tatu, ambayo hayapingani na haya. Rubani Anyesi Salvatory ametolewa mahabusu saa 10:40 jioni. Atawasubiri wakaguzi akiwa huru. Rubani alipotoka mlangoni, shahidi alisimama, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu afike kituoni hakusema kitu.